Mama Ngiri Hakusafiri

"Mama atarudi lini?"

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe, kwa sauti ya kusikika, mbele ya wakubwa kumi na tisa waliokaa mkekani. Mmoja akakohoa. Mmoja akaomba apitishiwe uji. Mmoja akasema mvua za mwaka huu zimechelewa. Hakuna aliyejibu.

Lakini ngojeni. Hasira imenitanguliza, nimeanza kabla hamjaniitikia. Nina hadithi mdomoni. Niimeze?

Iteme!

Wale wa nyuma sijawasikia. Niimeze?

Iteme!

Haya, naitema, na atakayerukiwa asinikunjie uso.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanazikana, aliishi Mama Ngiri na watoto wake watatu katika uwanda wa nyasi ndefu. Wa kwanza alikuwa msichana, jina lake Chonge. Wa pili alikuwa mvulana, jina lake Matope, na sababu ya jina hilo mtaikisia wenyewe. Wa mwisho alikuwa msichana tena, jina lake Kishungi, kwa kuwa alizaliwa na kishungi cha nywele kikubwa kuliko kichwa chenyewe.

Mama Ngiri hakuwa mzuri wa sura. Hakuna ngiri mzuri wa sura, na ngiri wenyewe hawalalamiki. Lakini alikuwa na mkia. Mkia mwembamba, wenye kifundo cha manyoya nchani. Akitembea aliusimamisha wima kama mlingoti. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko watoto, hawakuona mbele wala nyuma. Waliona mkia tu. Chonge akafuata mkia wa mama, Matope akafuata mkia wa Chonge, Kishungi akafuata mkia wa Matope.

Mama aliuliza bila kugeuka, "Mkia wangu mnauona?"

Nao walijibu, "Tunauona!"

Asubuhi wakienda kula, "Mkia wangu mnauona?" "Tunauona!" Jioni wakirudi nyumbani, "Mkia wangu mnauona?" "Tunauona!" Ilikuwa ndiyo sala yao.

Nyumba yao ilikuwa shimo. Ngiri hajui kuchimba. Aliyelichimba ni Mhanga, jirani yao, mwenye makucha kama majembe na masikio kama ya punda. Mhanga huchimba shimo, hulala humo siku mbili, hulichoka, huenda kuchimba jingine. Siku alipotaka kulihama lile, alimkuta Mama Ngiri amesimama nje na mimba yake.

"Unalitaka?" Mhanga akamwuliza.

"Nalitaka, ila ukilihama uwe unapita kunisalimia."

Basi wakawa marafiki wa kushibana. Watoto walipozaliwa, wakamwita Mhanga Mama Mdogo.

Siku moja Mama Ngiri akashikwa na homa. Siku ya kwanza alitetemeka. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu, alfajiri, akafa.

Watoto walikuwa wamelala. Shangazi Nyumbu, dada wa hiari wa ukoo mzima, yule ambaye hakuna msiba unaompita, alifika wa kwanza. Akawatazama wale watoto, akamtazama maiti, akafikiri kidogo. Kidogo sana. Akawaamsha.

"Amkeni, wanangu. Mama yenu yuko hoi. Nendeni mkamchumie ukwaju. Akiunywa atapona. Fanyeni haraka!"

Mmesikia? Mama ameshakufa, watoto wanatumwa dawa.

Wakatoka mbio. Chonge akachuma. Matope akachuma. Kishungi naye akachuma, lakini njiani akaona panzi. Akamfukuza mmoja. Akamfukuza wa pili. Akamfukuza wa tatu, mpaka Chonge akamfokea. Ni mtoto. Panzi anaruka, mtoto anafuata. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Huku nyuma wakubwa wakaja. Baba Ngiri akaja kutoka ng'ambo ya uwanda, maana ngiri dume hukaa peke yake. Mzee Kiboko akaja. Bwana Twiga akaja. Mhanga akaitwa achimbe kaburi. Akalichimba huku machozi yakimdondoka kwenye pua yake ndefu, akamlaza rafiki yake, akafukia.

Sasa, wanyama wa uwanda ule walikuwa na desturi. Mchimba kaburi hasemi mpaka matanga yaanuliwe. Walisema mdomo wake umeingia vumbi la kaburini, na akiufungua atawamwagia walio hai. Basi Mhanga akakaa mbali na mkeka, chini ya jua, kimya. Yule anayejua zaidi ya wote alipo Mama Ngiri, ndiye aliyefungwa mdomo. Desturi nzuri hiyo? Anayeitetea anyooshe mkono. Hakuna? Tuendelee.

Watoto wakarudi na ukwaju. Wakakuta mkeka. Wakakuta wakubwa kumi na tisa wanakunywa uji. Wakaingia shimoni: mama hayupo.

"Mama yuko wapi?" akauliza Kishungi, ukwaju mdomoni. "Tumemletea dawa."

Shangazi Nyumbu akaruka kabla mwingine hajapumua. "Amesafiri, mwanangu! Amekwenda safari. Kule, ng'ambo ya mto."

Kwa Nyumbu safari si neno geni. Nyumbu mwaka mzima yuko njiani. Neno likamtoka kama mate.

Hapo ndipo Kishungi alipouliza, "Mama atarudi lini?"

Na hapo ndipo mmoja alipokohoa, na mmoja akataka uji, na mmoja akazungumzia mvua.

Mhanga akafungua mdomo. Mzee Kiboko akamgeukia. "Mhanga! Matanga hayajaanuliwa." Mhanga akaufunga.

Chonge alikuwa mkubwa kidogo. Safari haikumwingia. Akamfuata Mzee Kiboko pembeni.

"Shikamoo, Mzee. Jana usiku nilimwona mama amejinyoosha, amefumba macho, anapumua kwa shida. Amekuwaje?"

Kiboko akapiga mwayo. "Amelala, mjukuu wangu. Amelala usingizi mzuri. Nenda kacheze."

Mhanga akafungua mdomo. "Mhanga! Matanga hayajaanuliwa." Mhanga akaufunga.

Matope yeye alikuwa na swali jingine. Akasimama miguuni pa Bwana Twiga, akainua kichwa mpaka shingo ikamwuma.

"Bwana Twiga! Kwa nini mama yetu? Kwa nini si mama wa wengine?"

Huko juu Twiga akatafuna jani. Akalimeza. "Kwa sababu alikuwa mwema mno, kijana. Wale wema kupita kiasi huchukuliwa mapema. Wanahitajika kule juu."

Mhanga akafungua mdomo kwa mara ya tatu. "Mhanga!" wakasema wote kumi na tisa kwa pamoja. Mhanga akaufunga, akachimba makucha yake ardhini mpaka yakazama.

"Watoto hawa hawaelewi kitu," Shangazi Nyumbu akawaambia wenzake akijifuta midomo. "Mpe neno tamu, kesho amesahau."

Hawaelewi kitu! Haya, tazameni walivyoelewa.

Siku ile Chonge alikataa kulala. Aliambiwa mama amelala, na yeye alijua mama hakuamka. Kwa hiyo aliona wazi: ukilala, huamki. Akajikalisha mlangoni, macho yamemtoka. Ndugu zake wakisinzia, aliwapiga teke. "Amka, Matope! Amka, Kishungi! Msilale!" Asubuhi watoto watatu walikuwa na macho mekundu kama nyanya.

Wakubwa wakasema, "Mtoto huyu ana ukorofi."

Siku ya pili Matope akamwaga uji wa matanga. Chungu kizima. Halafu akamkojolea Mzee Kiboko mkiani. Halafu akamng'ata Bwana Twiga mguu, akaning'inia hapo hapo. Aliambiwa wema huchukuliwa, na yeye alitaka kubaki. Kwa hiyo aliona wazi: kuwa mbaya, tena mbaya haswa, usije ukahitajika kule juu.

Wakubwa wakasema, "Mtoto huyu amerogwa."

Kiboko akapendekeza fimbo. Twiga akapendekeza mganga. Nyumbu akapendekeza vyote viwili, fimbo kwanza. Baba Ngiri akatazama chini. Hakupendekeza kitu. Alikuwa na kilio kimemkaba kooni, na aliwahi kuambiwa zamani kwamba dume hatoi machozi mbele ya watoto. Kwa hiyo alikaa anakimeza. Siku mbili anakimeza.

Mimi nauliza. Hao watoto wamekosea wapi? Mmoja ameambiwa kulala ni kutoweka, hakulala. Mmoja ameambiwa wema ni hatari, ameacha wema. Wametii! Wamechukua maneno ya wakubwa wakayafuata mpaka mwisho, kuliko hata wenyewe waliosema. Fimbo ya nani hapo?

Na Kishungi? Kishungi alikuwa mtulivu. Wakubwa wakamsifu. "Mnaona huyu mdogo? Ameshasahau. Anacheza." Kweli alikuwa anacheza. Mtoto hucheza kidogo, akaumia kidogo, akacheza tena. Lakini chini ya shavu lake alikuwa bado ameshikilia ule ukwaju. Siku mbili hakuutema. Na kichwani mwake alikuwa anapanga safari.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Chonge akapiga kelele. "Kishungi hayupo!"

Wakubwa wakainuka, wakagongana, wakaulizana nani alikuwa anamtazama. Kila mmoja akamtaja mwenzake. Mhanga hakuuliza. Aliinamisha ile pua yake ndefu, akanusa nyayo ndogo kwenye vumbi, akaondoka mbio.

Nyayo zilielekea mtoni.

Kishungi alikuwa ameshafika ukingoni. Pale kivukoni, mahali ambapo nyumbu huvukia kila mwaka, alikuwapo Mamba, amejilaza juu ya mchanga.

"Shikamoo, babu," Kishungi akasema.

"Marahaba, mjukuu. Karibu sana."

"Umemwona mama yangu? Wakubwa wamesema tangu juzi amesafiri, ng'ambo ya mto. Ana mkia unaosimama."

Mamba akafikiri kidogo. Kidogo sana, kama Nyumbu. "Nimemwona. Alipita juzi, amechoka. Akaniomba apumzike. Yumo humu ndani anakungoja." Akafungua mdomo.

Kishungi akachungulia. "Ndani kuna giza."

"Sogea, utamwona."

Kishungi akasogea hatua moja. "Bado simwoni."

"Sogea kidogo tu."

Akasogea hatua ya pili. "Nimemletea ukwaju. Mwambie nilichelewa, lakini nimeuleta."

"Mwambie mwenyewe. Sogea."

Akainua mguu kwa hatua ya tatu. Hapo hapo Mhanga akatokea, akamdaka kwa mkia, akamvuta kwa nguvu zake zote. Kinywa kikajifunga: pwaa! Mamba akabaki na nusu ya kile kishungi cha nywele kimenasa menoni.

Na Mhanga, ambaye siku tatu hakusema, akasema. Alisema kwa sauti iliyowarusha ndege upande wa pili wa mto.

"Mwongo mkubwa we! Huna haya? Mtoto amefiwa na mama yake, unamdanganya ili umle?"

Mamba akatema nywele. Hakukasirika. Akamtazama Mhanga kwa jicho moja.

"Taratibu, Mhanga. Mimi nimemdanganya mara moja, kwa njaa. Huko kwenu mmemdanganya siku tatu, mkiwa mmeshiba uji. Aliyemwambia mama yake yuko ng'ambo ya mto ni mimi? Mimi nilifungua mdomo tu. Njia alionyeshwa nyumbani."

Akateleza majini, akazama.

Mamba ni mwongo, mnamjua. Lakini siku ile alisema kweli, na Mhanga hakuwa na la kumjibu. Mnalo ninyi?

Mhanga akaketi. Akamweka Kishungi mapajani.

"Mama Mdogo," Kishungi akasema, "umemwambia Babu Mamba mtoto amefiwa. Nani amefiwa?"

Mhanga angeweza kusema neno tamu. Maneno matamu yalikuwa tele. Akavuta pumzi.

"Wewe, mwanangu. Mama yako amekufa."

"Kufa ni nini?"

"Ni mwili kusimama. Hapumui tena. Hali. Hasikii baridi, wala ile homa haimwumi tena. Hakusafiri. Hakulala. Aliugua ugonjwa mkubwa, mwili ukashindwa, akafa."

"Atarudi lini?"

"Harudi, Kishungi."

"Hata nikimletea ukwaju?"

"Hata ukimletea ukwaju."

Kishungi akainamisha kichwa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hata masikio ya Mhanga yaliinama kuisikia:

"Ni mimi. Shangazi alisema tufanye haraka. Akiunywa atapona. Mimi nikafukuza panzi. Panzi watatu. Nikachelewesha dawa, mama akachoka kunisubiri, akaondoka."

Mnaliona sasa lile la panzi nililowaambia mliweke akilini? Siku tatu mtoto amelibeba. Wakubwa wanakunywa uji, wanamsifu kwa utulivu, na yeye ndani anajiita muuaji. Kwa sababu ya neno moja tamu la Shangazi Nyumbu.

Mhanga akamgeuza wamtazamane. "Nisikilize. Mama yako alikufa alfajiri. Ninyi mlipoamshwa, alikuwa ameshakufa. Ulipomwona panzi wa kwanza, alikuwa ameshakufa. Hata ungeruka kama panzi mwenyewe, usingemkuta hai. Si wewe. Si Chonge. Si Matope. Ni homa."

"Si mimi?"

"Si wewe."

"Nani amekuambia?"

"Nilikuwepo. Nilimchimbia kaburi kwa mikono hii."

Kishungi akaitazama ile mikono. Ilikuwa bado na udongo kuchani. Akainusa. Ndipo akalia. Alilia kilio ambacho hakikuwahi kutoka, na Mhanga hakumwambia anyamaze. Alilia naye. Walipomaliza, Mhanga akamwuliza, "Unataka nikuonyeshe alipolala... alipozikwa?" Hata yeye ulimi ulimteleza, na akausahihisha papo hapo. Kishungi akasema anataka. Wakaenda. Mtoto akautema ule ukwaju juu ya kaburi, akaukandamiza udongoni kwa pua.

Kisha Mhanga akambeba mgongoni, akarudi naye kwenye mkeka.

Uji ulikuwa unagawiwa.

"Tumemwona mama," Kishungi akawaambia ndugu zake. "Amekufa. Yuko kaburini. Si sisi tuliomuua. Ni homa."

Bakuli likaanguka.

"Mhanga!" Mzee Kiboko akanguruma. "Umesema? Matanga hayajaanuliwa umesema? Mdomo wako una udongo wa kaburi!"

"Ndiyo, Mzee. Udongo wa kweli. Midomo yenu ina nini?"

"Mtoto ni mdogo!" Nyumbu akadakia. "Moyo wake mwororo! Sisi tulimhurumia!"

"Ulimhurumia ukampeleka kwa Mamba, Shangazi. Tazama kichwa chake."

Nyumbu akatazama. Nusu ya kishungi haikuwepo.

Chonge akasimama, miguu ikiyumba kwa usingizi. "Mzee Kiboko, wewe uliniambia amelala. Sijafumba macho tangu siku ile. Naogopa. Kuna usingizi wa aina ngapi, Mzee? Mbona hukuniambia?"

Matope akasukuma watu akapita mbele. "Na wewe Bwana Twiga, ulisema wema huchukuliwa. Mimi si mbaya! Nilikung'ata ili nibaki na dada zangu. Uji sikupenda kuumwaga, hata mimi nilikuwa nautaka."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajuta.

Ndipo Matope akamgeukia baba yake. "Baba. Ulijua?"

"Nilijua," Baba Ngiri akasema.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa mtalia."

Chonge akamtazama baba yake. "Baba, sisi tulikuwa tunalia. Kila siku tulikuwa tunalia. Tulikuwa tunalia peke yetu."

Baba Ngiri akapiga magoti ya mbele, kama ngiri wanavyopiga wakitaka kula nyasi fupi. Ila hakula. Kile kilichomkaba siku tatu kikatoka, mbele ya wakubwa, mbele ya watoto, mbele ya kila mtu. Akalia mpaka meno yake marefu yakachimba mchanga. Watoto wakamwendea mmoja mmoja. Chonge akamwegemea ubavu. Matope akamwegemea shingo. Kishungi akaingia katikati ya miguu yake.

"Kumbe na wewe unalia," Kishungi akasema, na mtu angedhani amepewa zawadi.

Jioni ile wakaenda kaburini wote wanne. Usiku Chonge akalala, maana baba alimwambia, "Usingizi huu unaamka. Nikiona jua nitakuamsha mwenyewe," na jua lilipotoka akamwamsha mwenyewe, na kesho yake vilevile, na kesho yake, mpaka siku moja Chonge akaamka kabla yake.

Msidhani yaliisha. Kishungi aliuliza tena, "Mama atarudi lini?" Baba akasema, "Harudi, mwanangu. Amekufa." Baada ya siku mbili akauliza tena. Baba akajibu tena. Aliuliza akila, akauliza akicheza, akauliza akiwa amevimba kwa hasira. Hata alipouliza mara ya kumi baba alijibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Hakusema, "Si nimeshakuambia?" Mtoto alipotaka kusikia mama alivyokuwa, Mhanga alipita kuwasimulia: siku alipoliomba lile shimo, na siku alipokwama mlangoni kwa ukubwa wa mimba, wakamsukuma kwa nyuma.

Na wiki ile ilikuwa lazima waende kula. Nyasi zilikuwa bado ndefu, watoto bado wafupi. Wakasimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kutoka, maana mbele hapakuwa na kitu cha kufuata. Baba Ngiri akaelewa. Akapita mbele. Akasimamisha mkia.

Halafu akauliza, "Mkia wangu mnauona?"

Watoto wakatazamana.

"Mkia wangu mnauona?"

"Tunauona," Kishungi akajibu, "ila umepinda."

Matope akacheka. Chonge akacheka. Kishungi naye akacheka, halafu akashtuka, akaziba mdomo kama aliyeiba.

"Cheka tu," baba akamwambia. "Mama yako aliucheka mkia huu kabla yako." Wakatoka kwa mstari, wakaingia nyasini.

Je, wale wengine? Wakubwa wa uwanda waliitupa ile desturi ya kumfunga mdomo mchimba kaburi, na tangu siku ile mkeka wa kwanza msibani ukawa wa watoto. Shangazi Nyumbu, kwa aibu, aligeuza safari zake zote kuwa za kuitafuta hiyo ng'ambo ya mto ambako aliyekufa anaweza kurudi. Hajaipata. Kila mwaka mnamwona anavuka, anarudi, anavuka tena, na Mamba anamngoja kivukoni. Mzee Kiboko aliingia majini, akabakisha pua na macho tu, asiulizwe tena habari za usingizi. Bwana Twiga aliapa kufikiri kabla ya kusema, na hadi leo anafikiri. Nani kati yenu amewahi kumsikia? Ngiri naye, mpaka kesho, akitaka nyumba huingia shimo lililochimbwa na mhanga. Kwa mhanga ndiko alikoambiwa kweli.

Funzo la hadithi hii si zito, ingawa wakubwa wanaliona zito kuliko jiwe. Mtoto haumizwi na ukweli anaoambiwa na mtu anayekaa naye. Anaumizwa na pengo, na pengo hilo atalijaza mwenyewe, kwa panzi, kwa mto, kwa hatia isiyo yake. Unayemwita mdogo asiyeelewa, anaelewa. Anaelewa ulichosema, vilevile ulivyosema.

Hadithi nimeitema, mdomo wangu umebaki mtupu, na aliyerukiwa ajifute. Ninyi mlioitikia, sasa nina ombi moja kwenu, dogo.

Mtoto aliyefiwa na mama yake akikuuliza mama yuko wapi, keti chini. Mwambie amekufa. Kisha, tafadhali, usiondoke.